Mali Bila Daftari: Mazungumzo Kuhusu Wosia na Mirathi

Kama uko jikoni unachagua mchele, endelea tu, sikio ndilo ninalolihitaji. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva aongeze sauti kidogo. Na kama pembeni yako amekaa mzee, baba, mama, bibi au babu, usimwambie akapumzike. Mazungumzo ya leo ni yake kwanza, halafu ni yetu sisi watoto.

Leo tunazungumza juu ya wosia na mirathi. Najua, wapo ambao mkono umeshafika kwenye kitufe wabadilishe stesheni. "Huyu naye, jioni yote hii anatuletea uchuro!" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Hebu tuanzie hapohapo kwenye uchuro.

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto akimuuliza baba yake kiwanja kile cha Chanika kimeandikwa jina la nani, anatazamwa kwa jicho la pembeni. Ana haraka gani? Anahesabu siku za mwenzake? Basi mtoto ananyamaza. Baba naye ananyamaza, kwa sababu anaona mtu anayeandika wosia amekwisha jitabiria. Miaka inapita hivyo, watu wanaheshimiana. Halafu mzee anafariki, na maswali yote ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza kwa miaka thelathini yanaulizwa kwa mchana mmoja, kwenye matanga, viti vya kukodi bado vimepangwa uani na turubai halijashushwa. Na wanaoyauliza ni akina nani? Mara nyingi ni watu ambao mzee mwenyewe asingewachagua. Anayeweza kuwajibu amelala makaburini.

Neno langu la leo ni moja, nitalirudia mpaka unichoke. Mzee wangu, usituachie amri peke yake. Tuachie ushahidi.

Amri na ushahidi vina tofauti gani? Tuchukue mfano. Mzee ameandika wosia wake vizuri: nyumba ya Mbagala abaki nayo mama yenu. Amesaini, mashahidi wamesaini. Lakini karatasi ya kununulia kile kiwanja ina jina la mdogo wake, kwa sababu siku ile ya malipo mzee alikuwa safarini, akamtuma mdogo wake na pesa. Aliyeuza amekwisha kufa. Mjumbe wa wakati ule amehamia mkoa mwingine. Mdogo mtu alipokuwa hai alikuwa akisema kila siku, "Nyumba ni ya kaka." Sasa naye ameondoka, na watoto wake wanaijua karatasi, hayo maneno hawakuyasikia. Niambie, msikilizaji, wosia ule utamsaidia nini mama? Huwezi kumwachia mtu kitu ambacho huwezi kuonyesha kwamba kilikuwa chako. Dawa ya mambo hayo ilikuwa mchana mmoja tu kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, wakati wale ndugu wawili wako hai na wanaelewana, karatasi ikaandikwa upya mbele ya mashahidi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tumezoea kuwapigia methali hiyo wenye maduka. Mimi naona inawahusu wazee kuliko wenye maduka.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria nani apewe nini, mzee, fungua daftari. Andika una nini na karatasi zake ziko wapi. Hati ya kiwanja au leseni ya makazi. Mkataba wa mauziano. Akaunti ya benki, hisa za SACCOS, namba yako ya uanachama NSSF au PSSSF. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Andika madeni pia, yote mawili, unayodai na unayodaiwa, maana deni la marehemu hulipwa kabla watoto hawajagawana hata kijiko. Na kule kwenye SACCOS, kumbuka ile fomu uliyojaza zamani ulipojiunga. Ulimwandika nani kuwa mrithi? Wengi waliandika jina la mama mzazi, na mama amekwisha tangulia mbele za haki. Wengine waliandika mke ambaye waliachana naye. Nenda kaibadilishe. Ni kazi ya nusu saa.

Kwa wale walioko vijijini, ushahidi wenu mwingine uko miguuni. Shamba ambalo mpaka wake ni mwembe upande mmoja na minyaa upande wa pili, na wanaoujua mpaka huo wamebaki wazee wawili tu, hilo ni shamba linalosubiri kesi. Zungukia mipaka na wanao, na jirani, na mwenyekiti wa kijiji. Kisha mtamke wazi, mbele ya watu, lipi ni shamba la ukoo ulilopewa kulitunza na lipi ulilifyeka au kulinunua kwa jasho lako. Ugomvi mwingi wa baba wadogo na watoto wa marehemu unazaliwa hapo hapo. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji kinaweza kukupa hati ya haki miliki ya kimila, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili. Mzee anayekubali jina la mkewe liingie kwenye hati amekwisha fanya nusu ya wosia wake.

Haya, tuingie kwenye wosia wenyewe. Tanzania Bara hatuna sheria moja ya mirathi kwa watu wote. Ziko tatu: sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithi kutoka kwa wakoloni na tunaitumia mpaka leo. Unashangaa? Shangaa, lakini ndivyo ilivyo. Mtu akifariki na watu wakabishana ifuatwe ipi, mahakama huangalia marehemu aliishi vipi, na kama aliacha neno lolote linaloonyesha alitaka ipi. Alifunga ndoa kanisani, lakini mambo yake yote aliyaendesha kimila? Hapo wanasheria wanapata kazi. Wewe unaweza kuwapunguzia kazi hiyo kwa sentensi moja: nataka mirathi yangu ifuate sheria fulani. Iandike.

Kwa wosia wa kimila, mashahidi wana hesabu yao, na hapa naomba mchukue kalamu. Kama wosia ni wa maandishi na wewe unajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili, mmoja wa ukoo wako na mmoja wa nje ya ukoo. Kama hujui kusoma na kuandika, wawe wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unakubalika, kwa mashahidi wanne, vilevile wawili na wawili. Mke aliyepo nyumbani wakati huo naye ashuhudie. Na shahidi asiwe mtu unayemwachia mali. Narudia, msikilizaji, kwa sababu wosia mwingi unaangukia hapa: unayempa shamba usimfanye shahidi wa karatasi inayompa shamba. Andika tarehe, saini au weka dole gumba, na fanya hivyo akili yako ikiwa timamu, hakuna anayekushika mkono. Ukiandika mwingine baadaye, ule wa mwisho ndio unaosimama.

Utauweka wapi? Si chini ya godoro. Wakala wa serikali tunaouita RITA, pamoja na kusajili vizazi na vifo, wanasaidia kuandika wosia na wanauhifadhi. Wakili pia anaweza kuutunza. Yaliyomo yanaweza kubaki siri yako, sina ugomvi na hilo. Lakini wosia wenyewe kuwepo, na mahali ulipo, waambie watu wawili watatu unaowaamini. Wosia ambao haujulikani ulipo hauna tofauti na wosia ambao haukuandikwa.

Sasa nizungumze na Waislamu kidogo, na hapa nitakaa, maana kuna jambo linaloniuma. Wengi wanasema, "Sisi tunayo Qurani, mafungu yamekwisha pangwa, wosia wa nini?" Ni kweli mafungu yapo. Mke ana thumni mume akiacha watoto, ana robo kama hakuacha, na wake wakiwa zaidi ya mmoja wanagawana fungu hilohilo. Lakini kabla ya mafungu kuna mazishi, kuna madeni, na kuna wosia usiozidi theluthi. Mke ambaye hakukamilishiwa mahari yake ni mdai, alipwe kwanza kama wadai wengine, kisha ndipo achukue fungu lake. Wangapi wanalitaja hilo kwenye kikao?

Na hiyo theluthi imewekwa kwa ajili ya nani? Haiwezi kumwongezea mrithi ambaye tayari ana fungu, mpaka warithi wengine waridhie. Sasa mfikirie mzee ambaye mwanawe mmoja alitangulia kufa, akaacha watoto wadogo. Wajukuu hao wanalelewa na babu, wanakula sahani moja na babu. Babu akifariki na ameacha wana wengine wa kiume, wale yatima hawapati kitu kwa mafungu, maana baba zao wadogo wamewazuia. Hawana kosa. Baba yao alikufa mapema, basi. Lakini babu alikuwa na kalamu, na alikuwa na theluthi nzima ya kuwaandikia. Mtoto wa kulea vilevile, na ndugu asiye Mwislamu aliyekuuguza. Hao wote mlango wao ni mmoja, ni ile theluthi. Mzee Mwislamu mwenye wajukuu yatima ambaye hajaandika wosia, mimi namwambia kwa heshima zote, shikamoo, lakini una deni.

Walioko Zanzibar mna Mahakama ya Kadhi, na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa hiyo njia zenu mnazijua. Na wanaotusikiliza upande wa Kenya, ninyi mna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Kwenu wosia wa mdomo una sharti: mashahidi wawili, na aliyeusia awe amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Akiishi zaidi ya hapo, maneno yale hayana nguvu tena. Basi andikeni.

Tuje kwa akina mama. Ile sheria ya kimila ya mwaka 1963 haimpi mjane fungu marehemu anapokuwa na ndugu wa ukoo wake. Inasema atatunzwa na watoto wake. Na mabinti imewaweka daraja la tatu, nyuma ya kaka zao wote. Wajane wawili wa Kitanzania walilalamikia jambo hili mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikaiambia Tanzania kwamba sheria hizo ni za kibaguzi na zirekebishwe. Mzee anayempenda mkewe na mabinti zake asisubiri Bunge. Wosia wake unaweza kuwafikia kabla.

Kuna kesi moja ambayo ningetamani kila mzee aijue, inaitwa Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia. Alipozeeka, hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ikamkatalia. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba yetu inakataza ubaguzi, mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume alivyo nayo. Watu huikumbuka kesi hiyo kwa sababu ya Katiba. Mimi namkumbuka yule baba. Alimwandikia binti yake, na karatasi ile ndiyo iliyomfanya awe na kitu cha kuuza uzeeni.

Halafu, akina mama, ninyi wenyewe wosia wenu uko wapi? Una shamba, una dhahabu, una hisa za kikoba, una nyumba uliyojenga kwa vitumbua. Nani anajua? Na wewe baba unayeandika, kumbuka unagawa cha kwako tu. Mlichochuma pamoja na mkeo, sehemu yake si yako kuigawa.

Tuna dakika chache, kwa hiyo nimguse mtu mmoja muhimu: msimamizi wa mirathi. Mzee akiwa hakumtaja kwenye wosia, ukoo unakaa kikao, unampendekeza mtu, muhtasari unapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Mirathi ya kimila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Na kwa mazoea tunampendekeza nani? Kaka mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu ni kaka mkubwa. Mimi nasema mpendekezeni mtu anayetunza risiti. Kama ni binti wa tano ambaye ndiye mweka hazina wa kikoba chao, basi yeye.

Na hapa narudia mara mbili. Msimamizi si mrithi mkuu. Msimamizi si mrithi mkuu! Ni mtu aliyekabidhiwa kazi: akusanye mali, alipe madeni, agawe, atoe hesabu. Wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Ukiona mwaka wa tatu umeingia, msimamizi anapokea kodi ya nyumba za marehemu na hajawahi kuonyesha hesabu, una haki ya kurudi mahakamani na kumwambia hakimu. Hutakuwa umevunja ukoo. Aliyeuvunja ni yeye.

Kuhusu simu ya marehemu, nitasema kwa ufupi. Mtoto anayeijua namba ya siri ya baba, akatoa pesa zote jioni ileile ya msiba, amegusa mali ya mirathi. Hata kama ni za sanda, ziandikwe, wenzake wazione.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: si bora nigawe kabisa nikiwa hai, niondoke mikono mitupu? Hiba ni njia nzuri, na aliyetoa kwa mkono wake amemaliza ubishi. Lakini polepole, mzee wangu. Kuna wazee waliowaandikia watoto nyumba yote, mpaka chumba wanacholala, na sasa wanaomba ruhusa kwa mkwe kuleta mgeni. Toa kiwanja, toa shamba la mbali. Nyumba unayolala, na shamba linalokulisha wewe na mkeo, viache kwenye jina lenu mpaka mwisho. Mtoto mwenye adabu atasubiri.

Na wale watoto wa nje, jamani. Mzee, unawajua, na wewe unajua kwamba mama hawajui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto anyimwe kunufaika na mali ya mzazi wake. Watakuja tu, hata usipowataja. Swali ni kama watakuja wakiwa na jina kwenye karatasi yako, au watakuja siku ya mazishi wakiwa na picha mkononi na aibu yote aibebe mkeo. Sema sasa. Utalala sebuleni wiki mbili, utapona.

Usiyeweza kumlipa wakili usikate tamaa. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, kuna wasaidizi wa kisheria kwenye wilaya, na wapo Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda ukaulize.

Nawaombeni jambo moja tu wiki hii, wasikilizaji. Wewe mzee, nunua daftari, ukurasa wa kwanza andika mali na karatasi zake zilipo, ukurasa wa pili andika madeni. Na wewe kijana, Jumapili ukienda kumsalimia baba au mama, usiulize utapata nini. Uliza hati iko wapi, na kama kuna karatasi yoyote inayohitaji kurekebishwa, jitolee nauli na umsindikize ofisini Jumatatu. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutakuwa na hakimu mstaafu kujibu maswali yenu kuhusu mirathi ya wake zaidi ya mmoja, kwa hiyo yaandikeni mapema.